Bomba Nyuma ya Ukuta

Pelto, Michigan
6 Januari 1997

Kaka Veikko,

Bi. Sikkema, yule afisa atakayekusimamia ukitoka, amekuja leo adhuhuri kuikagua nyumba. Theluji inafika magotini lakini alikuja. Chumba chako kimemridhisha. Aliuliza kuhusu bunduki ya Baba, nikamwambia tulishaipeleka kwa mjomba Eino. Aliuliza kama kuna pombe ndani, Mama akamjibu, "Ipo ya kuchulia magoti, unataka?" Akacheka. Alijaza karatasi zake zote, nikadhani tumevuka.

Halafu akasema, "Nionyeshe tanuru."

Nikamshusha chumba cha chini. Alilizunguka lile tanuru la gesi la kupashia nyumba joto mara mbili kwa tochi, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Akauliza stika iko wapi. Nikamuuliza stika gani. Akasema kila tanuru linalowekwa kwenye nyumba katika kaunti hii lazima lipate kibali kabla ya kazi na mkaguzi baada ya kazi, na mkaguzi akiridhika hubandika stika ya kijani ubavuni. "Nyumba nyingine ningeipitisha tu," akasema. "Lakini kaka yako amefungwa kwa sababu ya tanuru, Bi. Maunu. Siwezi kumrudisha kwenye nyumba yenye tanuru lisilo na karatasi."

Kamati ya kuwaachia wafungwa mapema inakuhoji tarehe 26 Februari. Kabla ya hapo lazima Bi. Sikkema awe amewaandikia kwamba nyumba inafaa. Asipowaandikia, jina lako linaondolewa, na halirudi mpaka ipite miezi kumi na minane mingine.

Wewe ndiye uliyeliweka, Aprili 1994, theluji ikianza kuyeyuka, na mimi ndiye niliyekushikia tochi. Ulituambia kibali umechukua. Karatasi iko wapi?

Mama anakusalimu. Anasema usiwe unalala bila soksi.

Irja

*

Gereza la Jimbo, Bweni C
12 Januari 1997

Irja mdogo wangu,

Karatasi haipo. Sikuchukua kibali. Usinune kwanza, sikiliza. Nimeweka matanuru miaka kumi na tisa, na sijamwona fundi hata mmoja aliyekwenda kupanga foleni ya kibali kwa ajili ya nyumba ya mama yake. Tungechekwa. Kibali ni cha wateja, ni cha kumtuliza mtu asiyekujua. Mama ananijua.

Njia ipo. Sheria inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufanya kazi ya tanuru kwa mikono yake mwenyewe, bila leseni, alimradi akaguliwe. Nyumba sasa ni yako. Nenda ofisi ya majengo, omba kibali, hata kama kazi ni ya zamani. Watauliza nani aliliweka. Hapo ndipo unaposahau mambo, Irja. Aliyeliweka ni Baba. Ilikuwa mwaka ule ule aliofariki, akiwa bado na nguvu. Yeye ndiye alikuwa mwenye nyumba, alikuwa na haki yake. Tochi ulimshikia yeye. Mimi sikuwepo. Barua hapa hufunguliwa ila husomwa kwa nadra, kwa hiyo chukua kwamba nakukumbusha tu yaliyotokea. Marehemu hatozwi faini.

Mkaguzi bado ni Beaudry, yule aliyesimama mahakamani akaeleza jinsi mteja wangu Ostrander alivyokufa kana kwamba alikuwepo. Unajua msimamo wangu. Ostrander alilisogeza bomba la moshi mwenyewe alipokuwa akitundika rafu zake ukutani, moshi ukamrudia usingizini. Nilisema hivyo mahakamani na nitasema hivyo mbele ya kamati. Beaudry usimpe kahawa. Akipewa kahawa hukaa, akikaa huchungulia.

Kitanda changu kiko futi tatu kutoka choo. Ninayekaa naye anaimba akiwa juu ya choo hicho. Nitoe humu.

Veikko

*

Pelto
20 Januari 1997

Kwa Mkaguzi wa Majengo, Kaunti

Bwana,

Naomba kibali cha mwenye nyumba kwa ajili ya tanuru la gesi lililoko chumba cha chini cha nyumba yangu. Naishi humo pamoja na mama yangu, Helmi Maunu, mwenye miaka sabini na sita. Kazi yoyote itakayohitajika nitaifanya mwenyewe.

Tanuru liliwekwa mwaka 1994 na marehemu baba yangu, Onni Maunu, aliyekuwa mwenye nyumba wakati huo.

Naapa kwamba maelezo haya ni ya kweli.

Irja Maunu

*

Ofisi ya Mkaguzi wa Majengo
27 Januari 1997

Bi. Maunu,

Ninathibitisha niliyokueleza nilipofika kwako tarehe 24.

Kwanza. Nimeona masizi kwenye mdomo wa bomba la moshi, mahali linapoingia ukutani. Masizi hapo maana yake moshi unarudi ndani. Kwa sababu hiyo nimefunga gesi ya tanuru na kuning'iniza lebo nyekundu. Si ruhusa kwa mtu yeyote kuiondoa isipokuwa mimi.

Pili. Futi kumi na nane za bomba zimefichwa nyuma ya ubao wa jipsamu. Siwezi kukagua nisichokiona. Ubao ufunguliwe.

Tatu. Kila tanuru lina kibati cha kiwanda chenye namba. Namba ya tanuru lako inaonyesha kwamba lilitengenezwa juma la kumi na tatu la mwaka 1994, yaani mwishoni mwa Machi. Kwa mujibu wa daftari la vifo la kaunti, baba yako alifariki tarehe 9 Februari mwaka huo. Nilimfahamu Onni na nilihudhuria mazishi yake. Hakuweka tanuru ambalo lilikuwa halijatengenezwa.

Maelezo yako ya tarehe 20 yako chini ya kiapo. Nakupa hadi tarehe 7 Februari kuyaondoa na kuleta mengine. Baada ya hapo nitalazimika kuyapeleka kwa mwendesha mashtaka.

Kibali cha mwenye nyumba bado unaweza kukipata. Sharti lake ni moja: kazi iwe ya mikono yako. Jirani haruhusiwi, ndugu haruhusiwi, rafiki mwenye ujuzi haruhusiwi.

Wendell Beaudry
Mkaguzi

*

Pelto, ndani ya sauna
30 Januari 1997

Veikko,

Soma juu nilipoandikia. Tumehamia sauna, kwenye kibanda chetu cha kuogea mvuke. Nyumba haina moto tangu Ijumaa, maji ya jikoni yameganda kwenye bomba. Jiko la kuni la sauna ndilo pekee tulilonalo. Futi nane kwa nane, mabenchi mawili, mimi la chini, Mama la juu. Usiku nikigeuka goti linagonga ndoo. Nikienda kazini kwenye jiko la shule, watoto wananusa moshi wa mberoshi wanasema mpishi ameungua.

Mama hana neno. Anasema alizaliwa saunani kwa bibi na haoni aibu kurudi. Yale maumivu yake ya kichwa ya kila Januari yamepona tangu tuhamie, anasema ni mvuke.

Beaudry alipokuja aliingia na viatu vya theluji. Mama akamwambia avue. Akasema, "Samahani Bi. Helmi, niko kazini." Mama akasema, "Na mimi niko nyumbani." Akavua. Akashuka chini na soksi, moja imetoboka kidoleni. Akawasha tochi, akasoma kibati, akaandika namba. Aliporudi juu alimwambia Mama, "Nitafunga gesi. Sheria ni sheria." Mama akamwambia, "Na baridi ni baridi. Fanya kazi yako, usinihubirie."

Sikumpa kahawa. Hakuhitaji. Tanuru lilitengenezwa juma la mwisho la Machi, Veikko. Baba tulimzika Februari. Miaka kumi na tisa unaweka matanuru na hukukumbuka kwamba kila moja limeandikwa tarehe yake ya kuzaliwa? Niliapa. Jina langu liko chini ya uongo unaosomeka kwenye bati.

Sasa nifanye nini? Nikiandika jina lako, Beaudry atampelekea Bi. Sikkema, na kamati itaona kwamba uliweka tanuru bila kibali kwa Mama na miezi sita baadaye ukaweka jingine bila kibali kwa Ostrander. Nisipoandika, mimi napelekwa kwa mwendesha mashtaka. Zimebaki siku nane. Nijibu upesi.

Irja

*

Bweni C
3 Februari 1997

Irja,

Kosa la kibati ni langu. Mganga hajigangi. Nilikuwa nafikiria Beaudry, sikufikiria bati.

Andika kwamba uliliweka wewe. Sikiliza kabla hujatupa barua motoni. Baada ya Baba kufa ulikuwa unaishi humo, nyumba ikapita kwako. Mwenye nyumba ana haki. Utasema uliona aibu kukiri kwa sababu ni mwanamke na watu wangecheka, ukamsingizia Baba. Beaudry atalimeza hilo, wanaume wa aina yake hulimeza. Ulishika tochi, uliona kila hatua, utajibu maswali yake.

La pili ni muhimu zaidi. Asilione hilo bomba. Nunua bomba jipya, fungua ukuta wewe mwenyewe akiwa hayupo, toa la zamani ulipeleke dampo siku hiyo hiyo, weka jipya, ndipo umwite. Si kwamba kuna kitu. Mimi kila kiungo hukaza skrubu tatu, hivyo ndivyo Baba alivyonifundisha, waulize wote niliofanya nao kazi. Ila Beaudry huona anachotaka kuona. Ostrander alisogeza bomba na bado akasema ni mimi.

Jumapili ni siku ya kutembelewa. Njoo tuzungumze, mambo mengine hayaandikiki.

Mwambie Mama nalala na soksi.

Veikko

*

Pelto
8 Februari 1997

Veikko,

Barua yako nimeipata. Ukuta nimeufungua. Maelezo mapya nimeyapeleka jana. Kesho sitaweza kuja.

Mama hajambo.

Irja

*

Bweni C
13 Februari 1997

Irja,

Mistari minne. Muuza maziwa huandikiwa zaidi ya hapo.

Umeandika nini kwenye maelezo? Jumapili nilikaa chumba cha wageni saa mbili, shati limepigwa pasi, mpaka mlinzi akaniambia, "Maunu, labda amepotea njia." Simu nyumbani inalia tu, najua hampo ndani. Nilimpigia mjomba Eino, akaniambia hali ya hewa.

Bomba umelipeleka dampo? Niambie hilo tu. Neno moja linatosha.

Kama uliona kitu, kumbuka kwamba tepu hukauka. Nyumba husogea ikipigwa na barafu. Kitu kilichokazwa mwaka 1994 si lazima ukikute kimekaza leo. Fundi yeyote atakwambia.

Zimebaki siku kumi na tatu. Sipati usingizi. Usiniache hivi.

Veikko

*

Ofisi ya Mkaguzi wa Majengo
18 Februari 1997

Bi. Maunu,

Maelezo yako ya tarehe 7 Februari yamepokelewa, na yale ya tarehe 20 Januari yameondolewa kwenye jalada. Mwendesha mashtaka hatahusika.

Kwa kumbukumbu, niliyoyakuta ukuta ulipofunguliwa mbele yangu ni haya. Viungo tisa. Hakuna kiungo chenye skrubu wala tundu la skrubu. Viungo saba vimezungushiwa tepu, viwili havina chochote. Bomba limeinamia nyuma, kuelekea kwenye tanuru, badala ya kupanda kuelekea nje. Bomba ni la bati la tabaka moja, ambalo haliruhusiwi kufichwa ukutani. Kulingana na maelezo yako, kazi ilifanywa Aprili 1994 na Veikko Maunu, bila kibali, wewe ukimshikia tochi.

Kibali kilitolewa kwa jina lako tarehe 10. Nilikagua jana. Bomba ni la bati la matabaka mawili, viungo vyote vimekazwa, mwinuko ni robo inchi kwa kila futi, nimeupima sehemu tano. Kazi imepita. Stika nimeibandika na gesi nimeifungua. Nimeona mafundi wenye leseni wakifanya vibaya zaidi ya hapo.

Mama yako aliniuliza kama alivunja sharti kwa kukupokeza skrubu. Jibu la ofisi ni kwamba kupokeza kunaruhusiwa, kukaza ndiko hakuruhusiwi.

Wewe uliniuliza kuhusu nyumba ya Ostrander. Nilisema nitajibu kwa maandishi. Viungo saba, hakuna skrubu, hakuna tundu la skrubu. Rafu zilikuwa ukuta wa upande wa pili. Bomba halikuwa limesogezwa.

Sheria inanitaka nipeleke nakala ya jalada kwa afisa wa Veikko Maunu. Imekwenda leo.

Wendell Beaudry

*

Pelto
21 Februari 1997

Kaka Veikko,

Neno moja ulilotaka ni hapana. Bomba sikulipeleka dampo. Nilimwita Beaudry kwanza, ndipo nikakata ubao wote yeye akiwa amesimama hapo.

Nitakuambia kwa nini, maana unaweza kudhani ni kwa hofu ya mwendesha mashtaka. Barua yako ya kuniambia niseme niliweka mimi ilifika tarehe 6. Nilikuwa tayari kuifuata. Nilishuka na msumeno wa Baba, nikakata kipande kidogo tu, kama ukubwa wa sahani, ili nione kabla ya yeye kuona. Nikapitisha mkono. Nilitaka kugusa skrubu zako tatu. Ndizo ningezisimamia. Kiungo cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili kikaachana mkononi kama mkate uliolowa. Nyuma ya ule ubao kulikuwa kweusi tii, masizi ya miaka mitatu, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo ngazi inapopandia chumbani kwa Mama.

Mama hajaumwa kichwa tangu tarehe 24 Januari. Nilipomweleza kwa nini, aliendelea kukwangua maganda ya viazi, kisha akasema, "Nilikuwa nadhani ni uzee."

Nilikushikia tochi ile. Nilimulika ulipotaka nimulike. Ulipofika nyuma ya ukuta uliniambia, "Hapa naona mwenyewe, nenda kapike kahawa." Nilikwenda.

Kazi nimeifanya siku sita, jioni nikitoka shule. Kitabu cha maelekezo alinipa Beaudry. Kukata bati ni kazi ya nusu saa kwa kila kipande ukiwa hujui. Skrubu tatu kwa kiungo ni dakika nne. Nilizihesabu, Veikko. Viungo tisa ni dakika thelathini na sita.

Tumerudi ndani ya nyumba. Kuna joto.

Bi. Sikkema alikuja juzi, akaiona stika, akaandika. Akakunja karatasi, akaniuliza, "Bado unamtaka hapa?" Nikamwambia nyumba imepita. Akasema, "Sikuuliza kuhusu nyumba, Bi. Maunu." Nilimwambia nitamjibu. Nakuandikia ujue kwamba bado sijamjibu, na kwamba barua hii itakufikia kabla hujakaa mbele ya kamati. Nimehakikisha hilo posta.

Irja

*

Bweni C
2 Machi 1997

Irja mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumanne mchana. Kamati ilikuwa Jumatano saa nne.

Walikuwa watatu, mwanamke mmoja katikati. Jalada la Beaudry lilikuwa mezani, na picha. Sikujua kwamba alipiga picha. Waliniuliza kuhusu kazi za gerezani, kuhusu Mama, kuhusu nitakachofanya nikitoka. Nilijibu vizuri, nilikuwa nimejiandaa miezi minne. Kisha yule mwanamke akavua miwani, akasema, "Bwana Maunu, bado unasema Ostrander alilisogeza bomba?"

Nilikuwa na majibu mawili na kila moja lilikuwa ukuta. Nikisema ndiyo, viungo tisa vya Mama viko mezani vinanitazama. Nikisema hapana, nimedanganya mahakama, nimewadanganya nyinyi miaka miwili, na mtu wa namna hiyo hawamwachii. Nilitazama mkono wangu. Nikasema hapana.

Akasema, "Kwa nini hukuweka skrubu?"

Nikamwambia, na wewe nakwambia, kwa kuwa uliuliza bila kuuliza. Skrubu zilikuwepo. Kwa Mama zilikuwa mfukoni mwa ovaroli, pakiti haijafunguliwa. Kwa Ostrander zilikuwa garini, hatua ishirini. Nyuma ya ukuta hakuna anayeona. Nilikuwa na kazi nyingine saa tisa. Nilishafanya hivyo nyumba nyingine na hakuna aliyekufa, ndivyo nilivyokuwa nikihesabu. Mkaguzi angeona, ndiyo maana sikumwita. Ya kuchekwa na mafundi nilikuandikia tu, hakuna fundi ambaye angecheka.

Wamenirudisha hadi Agosti mwakani. Mlinzi aliyenirudisha bwenini aliniuliza imekuwaje, nikamwambia, akasema, "Pole, ungesema walichotaka." Ulifanya vizuri kutomjibu Bi. Sikkema. Usimjibu kwa ajili yangu.

Kuna nyumba nyingine. Nimeandika orodha, kumi na moja ninazozikumbuka, mitaa na majina, na nimeituma kwa Beaudry. Tatu ziko Pelto. Moja ni ya mjomba Eino. Mwambieni leo azime tanuru, alale kwenu.

Nimetaka pia kumwandikia mke wa Ostrander. Hairuhusiwi hivi hivi, kwa sababu yeye ni wa upande wa marehemu. Kuna fomu, kurasa nne. Inapita kwa msimamizi wa bweni, halafu kwa ofisi ya wahanga, halafu anaulizwa mwenyewe kama anataka kuipokea. Inachukua majuma manane, na anaweza kukataa. Nimeijaza kwa wino mweusi kama wanavyotaka, kila kisanduku. Msimamizi aliniuliza kama niharakishiwe, anamjua mtu ofisini.

Nikamwambia hapana, wasome yote.

Veikko